Muulize Fundi: Programu ipo dukani, mbona haionekani?

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wasanidi wadogo, wale wanaoandika programu za simu usiku baada ya kibarua cha mchana. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu mwenye kuiandika amenikumbusha nilivyokuwa mwaka 2019, na si kumbukumbu ninayoipenda.

Watu 61, na nusu ni wanafunzi wangu

*Shikamoo Fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nina miaka 27. Nimetengeneza programu ya wafugaji wa kuku. Inakumbusha tarehe za chanjo, inapiga hesabu ya chakula, inatunza rekodi za mayai na vifo. Imenichukua miezi minane. Ipo Google Play, lile duka la programu za simu, miezi miwili sasa na imepakuliwa na watu 61, nadhani nusu yao ni wanafunzi wangu. Nina akiba ya shilingi 200,000. Rafiki mmoja anasema nilipie tangazo mtandaoni, mwingine anasema ninunue nyota, yaani nilipe watu waisifu dukani. Nifanyeje?* (Mwalimu, Morogoro)

Marahaba, mwalimu. Hizo laki mbili ziache kwanza hapo zilipo.

Nimeingia dukani nikaitafuta programu yako kama mfugaji ambaye hajui jina lake. Nimeandika "chanjo za kuku". Haipo. Nimeandika "chakula cha kuku wa mayai". Haipo. Nikaandika jina lenyewe kama ulivyonitumia, ndipo ikajitokeza. Jina hilo nalisitiri, ila wasomaji wajue tu kwamba ni maneno mawili ya Kiingereza na namba 360 mwishoni. Sasa niambie, ni nani kule Mvomero anaamka alfajiri, anakuta vifaranga watatu wamelala chali, halafu anashika simu na kuandika mia tatu na sitini?

Sikucheki. Mimi nilifanya hivyohivyo. Mke wangu alikuwa mweka hazina wa kikoba cha akina mama 30 hapa Mwenge. Kila Jumamosi anarudi na daftari kubwa kwapani: hisa, marejesho ya mikopo, faini za waliochelewa, mfuko wa jamii. Na kila Jumamosi daftari na sanduku vinapishana kwa elfu moja na mia tano ambayo hakuna anayejua imepitia wapi. Nikamwandikia programu. Nikaipa jina la Kiingereza linalong'aa, nikachora ikoni ya bluu, nikakaa kusubiri. Miezi mitatu, watu 43. Nikatoa shilingi 150,000 za tangazo kwenye mtandao wa kijamii. Ndani ya siku tano waliipakua zaidi ya mia nne, nikamwita mke wangu aje aone. Wiki iliyofuata waliobaki nayo walikuwa 19. Wale wengine walikuwa wapita njia. Hawakuwa na kikoba, hawakuwa na daftari, walibofya kama mtu anavyochungulia harusi ya jirani.

Kilichogeuza mambo ni siku ya kuvunja kikoba, Desemba ile. Unajua siku hiyo ilivyo. Sanduku linafunguliwa kwa funguo tatu za watu watatu, kila mtu anasubiri kujua hisa zake zimezaa nini, na mwaka uliotangulia hesabu ilikula mchana kutwa na ikaacha maneno. Safari hii mke wangu aliweka simu katikati ya mkeka, akasoma jina moja moja na kiasi chake. Wakamaliza kabla chai haijapoa. Alikuwepo mgeni mmoja, katibu wa kikoba cha Kimara. Akauliza, "Hiyo naipataje?" Mwanamke mmoja mjini hapa anaweza kuwa kwenye vikoba viwili au vitatu, kwa hiyo swali la yule katibu lilikwenda mbali kuliko tangazo langu lote. Mwezi huohuo nikabadilisha jina, nikaweka neno "daftari" na neno "kikoba", kwa sababu ndivyo walivyokuwa wanaelekezana kwa mdomo, "ile ya daftari la kikoba", na mwenye kuelekezwa akienda dukani haipati.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni jina. Google Play wanakupa herufi 30 tu, nafasi za katikati zikiwemo. "Ratiba ya Chanjo za Kuku" ni herufi 24. Zinatosha na unabakiwa na sita. Maelezo mafupi chini ya jina ni herufi 80, hayo yabebe chakula na mayai. Maelezo marefu yana herufi 4,000, andika humo kama unavyomweleza jirani, utaje kideri, ndui, vifaranga, kuku wa nyama, kuku wa kienyeji, kila neno mahali linapostahili. Usirundike maneno kama mnada, na wala usiweke "bora kuliko zote" au "namba moja" kwenye jina. Tangu 2021 sera yao inakataza majigambo ya namna hiyo kwenye jina na kwenye ikoni.

Kuna jambo moja ambalo miongozo ya Wazungu haitakuambia. Nimetengeneza simu miaka tisa pale Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, na simu nyingi zilizopita mezani kwangu zilikuwa zimewekwa Kiingereza. Mwenye simu haongei Kiingereza, ila ndivyo ilivyotoka kwenye boksi naye hakuona sababu ya kuigusa. Mtu huyohuyo akitafuta kitu anaandika Kiswahili. Sasa ukitengeneza ukurasa wa Kiswahili kwa ajili ya simu zilizowekwa Kiswahili, na ule mkuu ukauacha Kiingereza kitupu, mteja wako mwenyewe anaonyeshwa ule wa Kiingereza. Fanya Kiswahili kiwe lugha ya msingi ya ukurasa wako. 

Picha. Ya kwanza uliyoweka ni nembo na neno "Karibu". Itoe. Weka skrini inayoonyesha "Kesho: chanjo ya Gumboro, vifaranga 100". Mfugaji aone kesho yake humo.

Uzito. Programu yako ina MB 48, na nimeona sababu ni picha za mabanda ulizozipakia ndani zikiwa na ukubwa uleule wa kamera. Mwaka 2017 Google walitoa hesabu yao kwamba kila MB 6 zinazoongezeka hupunguza wanaokamilisha kupakua kwa asilimia 1 hivi, na kwamba katika nchi kama India na Brazil kupunguza MB 10 kulikwenda pamoja na ongezeko la asilimia 2.5 hivi. Kwetu sina haja ya utafiti. Mtu ana bando la wiki, simu imejaa video za WhatsApp, na kitu cha kwanza kufutwa ni kile alichokipakua jana. Punguza hizo picha leo, si kazi ya zaidi ya saa moja.

Hayo yote, mwalimu, ni kufagia mlango. Bado hujamleta mtu.

Nenda duka la dawa za mifugo, lile linalouza vifaranga. Usiende kuuza chochote. Nenda siku maboksi ya vifaranga yanapoingia, usimame pembeni. Utamwona mteja amelipa, amekumbatia boksi lenye matundu, vifaranga wanalia, anageuka anauliza, "Chanjo ya kwanza lini vile?" Na muuzaji, mwenye wateja sita nyuma yake, anachana kipande cha katoni, anaandika kwa kalamu: siku ya 7, siku ya 14, anamkabidhi. Kile kipande cha katoni ndicho mshindani wako. Hakina MB hata moja, hakiombi bando, na kinatolewa na mtu anayeaminika. Ila kinalowa, kinapotea, na hakipigi kelele siku ya saba ikifika.

Zungumza na yule muuzaji. Mwambie utampunguzia kuandika. Chapisha vibandiko vya kubandika juu ya boksi, vyenye msimbo wa kupiga picha kwa simu na mstari mmoja: "Simu yako itakukumbusha chanjo." Kila duka lipe kiungo chake chenye alama yake. Google Play wanaruhusu hilo, na kwenye takwimu zako utaona duka gani limeleta wangapi. Duka likileta watu wawili kwa mwezi, liache. Likileta arobaini, mpelekee muuzaji soda na ongeza vibandiko. Hapo ndipo laki mbili zako zinapokwenda: vibandiko, nauli, na soda.

Ndani ya programu weka kitufe cha kumtumia mwenzako kiungo kwa WhatsApp, ujumbe ukiwa umeshaandikwa: "Natumia hii kukumbuka chanjo za vifaranga wangu." Nasema hivi kwa sababu wengi watarushiana faili lenyewe simu kwa simu, kwa Xender, kukwepa bando. Usigombane nao, ila jua kwamba hao Google Play hawawahesabu kama wapakuaji wako.

Kuhusu kununua nyota, hapana. Ni kosa kwa sera ya Google, na namfahamu kijana aliyefungiwa akaunti kwa hilo. Akaunti ikifungwa kabisa huruhusiwi kufungua nyingine, basi kazi yake ya miaka miwili ikazikwa pamoja na zile nyota. Nyota za halali unaziomba kwa wakati. Tangu 2020 Google wana kidirisha cha kuomba maoni humohumo ndani ya programu. Usikifungue mtu anapoingia mara ya kwanza, kwani hajaonja kitu. Kifungue baada ya mfugaji kuweka alama kwamba chanjo ya tatu imekamilika na vifaranga 96 kati ya 100 wako hai. Mtu wa namna hiyo hahitaji kubembelezwa.

Nyota moja kutoka baharini

*Salaam aleikum Fundi. Mimi ni mama wa Lamu. Mwanangu na mimi tumefanya programu ya majira ya maji kujaa na kupwa, kwa wavuvi na manahodha. Watu waliipenda sana mwanzo, sasa nyota zimeshuka hadi 2.9. Wengine wanaandika "haifanyi kazi" tu, hawasemi zaidi. Wengine wanasema inajifunga. Tufute tuanze upya kwa jina jingine?* (Mama wa Lamu)

Waaleikum salaam, mama. Msifute. Mkianza upya mtapoteza hata wale waliowapenda.

Nimesoma maoni yote 38. Kumi na moja kati ya yale ya nyota moja yameandikwa kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa tatu asubuhi. Nikajiuliza, mvuvi saa hizo yuko wapi? Nikazima intaneti kwenye simu yangu, nikafungua programu yenu. Duara linazunguka, linazunguka, basi. Mama, mmemtengenezea mtu wa bahari kitu kinachohitaji mnara wa simu! Kwenu ufukweni inafanya kazi vizuri. Akishavuka mkondo, amebaki na duara. Na "haifanyi kazi" ndiyo maelezo yake kamili, mkono mmoja uko kwenye usukani.

Majira ya maji hayabadiliki kama bei ya samaki. Yanapigiwa hesabu mapema, bamvua (maji makubwa) na maji mafu (maji madogo) ya mwaka mzima yanajulikana kabla mwaka haujaanza. Jedwali la mwaka la kila bandari mliyonayo ni maandishi matupu, halijai hata kiganja. Liwekeni ndani ya programu, mtandao utumike kwa mambo ya ziada tu.

La kujifunga. Google wanapima. Kama zaidi ya asilimia 1.09 ya watumiaji wa siku wanakutana na programu kujifunga mbele yao, au zaidi ya asilimia 0.47 wanakuta imeganda, duka linaanza kuwapunguzia kuonekana. Wanapima pia kwa aina ya simu: ikifika asilimia 8 kwenye simu ya aina fulani, wenye simu hiyo wanaweza hata kuonyeshwa onyo kwenye ukurasa wenu. Ingieni Play Console, pale mnaposimamia programu yenu, sehemu ya Android vitals, mwone ni simu zipi. Nabahatisha ni zile ndogo zenye RAM ya GB 2. Mwanao ana simu gani? Ya kwake isiwe kipimo. Nendeni kwa fundi wa simu mtaani, mwombeni mjaribu kwenye simu kuukuu nne zilizolala droo yake. Atawaruhusu. Sisi mafundi tunapenda kuulizwa.

Mkishatengeneza, jibuni maoni, hasa yale ya nyota moja. Mnayo nafasi ya herufi 350 kwa kila jibu. Msijitetee. "Ulikuwa sahihi, kaka. Ilihitaji mtandao. Toleo jipya linafanya kazi bila mtandao, tunaomba ujaribu tena." Aliyelalamika anapata taarifa na anaweza kubadili nyota zake. Na kuna habari njema mbili. Tangu 2019 Google wanazipa nyota za karibuni uzito zaidi kuliko za zamani, kwa hiyo shimo hilo si kaburi. Na tangu mwishoni mwa 2021 mwenye simu anaonyeshwa wastani wa nchi yake, hivyo hasira za Lamu hazitawafuata mkifika kwa wavuvi wa Tanga au Kilwa. Fikeni huko mkiwa mmeshatengeneza.

Wajaribu 12 wa kununua

*Mambo vipi Fundi! Niko chuo mwaka wa pili. Google wananiambia lazima nipate watu 12 wa kujaribu programu yangu siku 14 ndipo niiweke hadharani. Kuna jamaa kwenye Telegram wanauza hao watu. Poa au siyo poa?* (Mwanachuo, Dodoma)

Poa. Hiyo ni ya salamu tu, ingawa mtu wa umri wangu huamkiwa shikamoo. Kununua wajaribu siyo poa.

Sharti hilo linahusu akaunti binafsi zilizofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023. Mwanzoni walikuwa watu 20, mwishoni mwa 2024 wakashusha hadi 12. Umeandika kwamba programu yako ni ya kugawana kodi na bili za umeme baina ya wanaoishi nyumba moja. Kijana, unaishi na watu wangapi? Nyumba ya jirani je? Hapo wapo 12 na chenji. Ukiwanunua, utakuwa umeulizwa na Google swali zuri kuliko yote, "una watu 12 wanaoihitaji hii?", nawe ukadesa.

Nimeigwa, niache?

*Habari za kazi, Fundi mwenzangu. Mimi ni fundi pikipiki, nilijifunza kuandika programu mwenyewe. Nimetengeneza ya madereva wa bodaboda kuandika mapato, mafuta na hesabu ya mwenye pikipiki. Mwaka mmoja na nusu sasa. Wamepakua 340, kama 190 wanaifungua kila wiki. Mwezi uliopita nimekuta mtu ameiga kila kitu, hadi rangi, na yeye anatangaza kwa nguvu. Nimechoka. Niache?* (Fundi pikipiki, Mwanza)

Salama, fundi. Pole.

Kuigwa kunauma, na nakwambia mapema kwamba wazo halina hatimiliki. Kama amechukua ikoni yako, picha zako au maandishi yako neno kwa neno, Google wana fomu ya malalamiko ya hakimiliki. Ijaze, ambatanisha tarehe. Kama ameiga mtindo tu, huna kesi. Mwaka 2014 Asher Vollmer na mwenzake Greg Wohlwend walitoa mchezo wa simu uitwao Threes baada ya kuufanyia kazi miezi 14. Wiki chache tu zikapita, kijana wa Kiitaliano wa miaka 19, Gabriele Cirulli, akatoa wa kufanana nao, 2048, wa bure, alioutengeneza wikiendi moja. Nina hakika umecheza 2048. Threes umewahi kuusikia?

Ila mchezo mtu anaucheza na kuuacha. Wewe umeshika daftari la mtu, na daftari lina mwaka mmoja na nusu wa mafuta na hesabu zake. Dereva hahami kwa sababu ya tangazo.

Sasa tazama namba yako tena. Watu 190 kati ya 340, kila wiki, baada ya miezi 18. Mimi kwa tangazo langu nilibakiwa na 19 kati ya mia nne baada ya wiki moja. Mchezo wa Among Us ulitoka Juni 2018, kampuni yenyewe ilikuwa na watu watatu. Karibu miaka miwili ulikuwa na wachezaji wachache, nao wakaendelea kuurekebisha kwa sababu hao wachache walikuwa hawaondoki. Katikati ya 2020 watu wanaorusha michezo moja kwa moja mtandaoni wakaushika, dunia ikiwa imefungiwa ndani, na yaliyofuata unayajua. Sikuahidi hayo. Nakuonyesha tu kipimo walichokuwa wanakitazama, nacho ni waliobaki.

Kwa hiyo huyo mwigaji mwache apige kelele mwezi huu. Wewe ongeza kitu kimoja ambacho naona hukukifikiria, kwa sababu umekuwa ukimtazama dereva peke yake. Kila jioni dereva anampelekea mtu hesabu. Mtu huyo hana programu yoyote, ana ujumbe wa muamala wa simu na mashaka. Tengeneza upande wa mwenye pikipiki: aone nani ameleta, nani ana deni la siku mbili, tairi limebadilishwa lini. Kisha mtafute mmoja mwenye pikipiki nne au tano, hapo karakana kwako hawakosekani, wanakuja kugombana na wewe kuhusu bei ya spea. Akiipenda yeye, madereva wake wote wataipakua kesho asubuhi, wapende wasipende.